Hesabuni Magari Kabla ya Kuongeza Nyumba

Katika viunga vya Kampala, kuanzia Naalya na Kira hadi Lubowa na Munyonyo, mitaa ya makazi iliyozungushiwa uzio na kuwekewa lango imekuwa jambo la kawaida. Mtaa wa namna hiyo unapojaa, mwenye ardhi au kamati ya wakazi huanza kufikiria kuongeza nyumba. Mkutano unapoitishwa, suala la magari huzuka mapema, nalo aghalabu hujibiwa kwa hisia. Mmoja husema barabara haipitiki tena. Mwingine hujibu kuwa barabara ni pana na nafasi ingalipo. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na utulivu wa mtaa nao ni mali. Somo hili linaeleza jinsi wakazi wenyewe wanavyoweza kupima wingi wa magari kwa kalamu, karatasi na saa ya simu, kabla ya kupitisha uamuzi wowote.

Jambo hili linaihusu polisi kwa sababu foleni ya langoni haiheshimu uzio. Ikirefuka, humwagikia barabara ya umma. Hapo taksi za abiria huanza kulipita gari lililosimama, bodaboda hupenya upande usio wake, na mtoto wa shule anayetembea pembeni hulazimika kushuka barabarani. Ndani ya uzio nako, gari la zimamoto au la wagonjwa lililoitwa kwa nambari 999 au 112 hukuta njia imezibwa na magari ya wale wale waliolihitaji.

Kuchagua siku na saa

Hesabuni siku ya Jumanne, Jumatano au Alhamisi, wakati shule zimefunguliwa. Jumatatu na Ijumaa zina desturi zake, na wiki yenye sikukuu hudanganya. Siku mbili ni bora kuliko moja. Asubuhi anzeni saa 12:30 hadi saa 3:00. Jioni anzeni saa 10:30 hadi saa 1:30 usiku. Igawanyeni karatasi katika vipindi vya dakika 15, kwa kuwa magari hayafiki kwa usawa. Saa moja inaweza kuonekana tulivu katika jumla yake, kumbe robo yake moja ilikuwa na msongamano mkubwa.

Nini cha kuhesabu

Wahesabuji wawili wanatosha: mmoja wa wanaoingia, mwingine wa wanaotoka. Kila mmoja awe na safu nne: magari madogo, bodaboda, malori na watembea kwa miguu. Safu ya mwisho isidharauliwe, maana wafanyakazi wa nyumbani na wanafunzi hupita lango lile lile. Wakae mahali salama nje ya njia ya magari, na mwenyekiti wa LC1 pamoja na walinzi wapewe taarifa mapema. Nambari za magari na majina ya watu yasiandikwe. Kwa kazi hii hayahitajiki, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatutaka tusikusanye taarifa za watu pasipo sababu.

Kulipima lango lenyewe

Hapa ndipo kamati nyingi hukosea. Hupima upana wa barabara, ilhali kinachoamua foleni ni kizuizi cha langoni. Chukueni saa, mpime muda tangu gari linaposimama kwenye kizuizi hadi gari linalofuata linapoweza kuchukua nafasi yake. Pimeni magari yasiyopungua 30, ya wakazi na ya wageni, kisha mtafute wastani. Kila baada ya dakika tano andikeni pia idadi ya magari yaliyo katika foleni.

Kufanya hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaa una nyumba 120 zinazokaliwa. Katika saa yenye msongamano jioni, magari 90 yanaingia, yaani magari 3 kwa kila nyumba 4. Mlinzi hutumia wastani wa sekunde 20 kwa kila gari, hivyo lango linaweza kupokea magari 180 kwa saa. Nusu ya uwezo wake imetumika na nusu imebaki. Gawanyeni sehemu iliyotumika kwa sehemu iliyobaki, mtapata 1: kwa wastani kuna gari moja tu langoni.

Sasa kamati inataka kuongeza nyumba 80. Kwa kiwango kile kile, yataongezeka magari 60, na jumla itakuwa 150. Sehemu 5 kati ya 6 za uwezo wa lango zimetumika, imebaki 1. Wastani ni magari 5. Mjumbe mmoja akishauri kuwa ziwe nyumba 100 badala ya 80, magari yatafika 165, yaani sehemu 11 kati ya 12. Wastani unaruka hadi magari 11. Gari moja katika foleni huchukua takriban mita 6 pamoja na nafasi ya mbele yake, kwa hiyo hiyo ni foleni ya mita zipatazo 66. Tena huo ni wastani. Katika robo saa mbaya itakuwa ndefu zaidi.

Tazameni vizuri: nyumba 20 za mwisho zimeirefusha foleni zaidi ya maradufu. Foleni haikui sambamba na idadi ya nyumba. Hukaa kimya kwa muda mrefu, kisha hufumka lango linapokaribia kikomo cha uwezo wake. Msingi wa hesabu za namna hii uliwekwa na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, aliyechunguza wingi wa simu katika mitambo ya Copenhagen mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo sababu mkazi asemaye "leo hakuna foleni" anaweza kusema kweli, na bado asiwe amejibu swali la kesho.

Kupima kasi

Pimeni pia mita 50 za barabara ya ndani. Gari linalozimaliza kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa; linalozimaliza kwa sekunde 3.6 linakwenda kilomita 50. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilihimiza kilomita 30 kuwa kikomo mahali ambapo watembea kwa miguu na magari huchangamana. Mtaa wenye watoto ni mahali hapo hasa.

Kuyatumia matokeo

Takwimu hazikatazi upanuzi. Huonyesha masharti yake. Katika mfano wetu, wakazi wakipewa njia yao na wageni wakaandikishwa katika maegesho ya pembeni, wastani ukashuka kutoka sekunde 20 hadi 12, lango litapokea magari 300 kwa saa. Hata kwa nyumba 100 za ziada, wastani utakuwa gari moja na kidogo. Usalama haujalegezwa, maana mgeni bado anaulizwa. Ameondolewa tu mbele ya wengine. Kizuizi kikisogezwa ndani kwa mita kadhaa, foleni itasimama katika ardhi ya mtaa wala si barabarani. Mlango wa pili wa dharura utengwe, na malori ya ujenzi yapangiwe saa zisizogongana na za shule.

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima ya Uganda kuwa eneo la mipango, na upanuzi huhitaji kibali cha kamati ya mipango ya mahali husika. Pelekeni karatasi zenu huko, na nakala mwipeleke kwa ofisa wa trafiki wa kituo chenu. Waalikeni pia majirani walio nje ya uzio wazione, kwa kuwa foleni itasimama mbele ya milango yao. Nyumba za awamu ya kwanza zikishakaliwa, hesabuni tena kabla ya kuanza awamu ya pili.