Mpini mpya wa wembe wa babu

Swali: Nimerithi wembe wa kukunja uliotengenezwa Sheffield, Uingereza. Mpini wake umepasuka. Naweza kuuwekea wa mbao?

Jibu: Unaweza, na mpingo unafaa sana: mgumu, mzito, haunyonyi maji upesi. Ila kwanza utazame wembe kwenye mwanga mkali. Ukiona ufa kwenye makali, uweke kama kumbukumbu tu. Usiutumie shingoni mwa mtu.

Funga makali kwa utepe. Kichwa cha pini inayoshika wembe kwenye mpini kisage kwa tupa upande mmoja, kisha isukume itoke polepole. Kutu iondoe kwa msasa laini wenye mafuta.

Chonga vipande viwili vya mpingo vyenye unene wa milimita 3 hivi. Vibane pamoja, uvitoboe kwa mara moja, la sivyo matundu yatapishana na wembe utakaa upande. Vumbi la mpingo huwasha, vaa barakoa. Usisahau kabari ya nyuma: ndiyo inayotenganisha vipande ili makali yatue katikati bila kugusa mbao. Mimi huisaga na kuijaribu hata mara kumi. Pini ya shaba igonge kidogo kidogo. Ukiikaza mno, mbao zitapasuka.

Kunoa kuje mwisho, mpini ukishatulia.