Faili za flashi zimegeuka njia za mkato

Swali: Nilichapisha kazi yangu kwenye saiba moja mjini Thika. Nilipofika nyumbani Ruiru na kuchomeka flashi, kila faili imekuwa njia ya mkato yenye mshale mdogo, na haifunguki. Je, nimepoteza kila kitu?

Jibu: Pole sana. La, hujapoteza. Hivyo ni virusi, na kwa kawaida huzificha faili bila kuzifuta. Usibofye mshale hata mmoja, wala usifomati flashi kwa sasa. Ikague kwanza kwa programu ya kuua virusi. Kisha fungua dirisha la amri la Windows, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako, na uache nafasi kama zilivyo hapo. Angalia vizuri: mara nyingi faili huwa ndani ya folda isiyo na jina. Zinakili kwenye kompyuta, ndipo ufomati.

Ikiwa flashi haionekani kabisa hata kwenye kompyuta nyingine, hiyo ni kazi ya fundi. Tafadhali, usimlipe kabla hajakufungulia faili zako ukiziona.