SOMO LA KIKUNDI: MKONO UNAPOTETEMEKA KARIBU NA USHINDI

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili, wanakikundi waweze kueleza presha humfanya nini kijana, na kutaja mambo matatu ambayo kikundi kinaweza kufanya ili kumsaidia.

Muda: Saa moja na nusu.

Maandiko ya kusoma pamoja: 1 Wafalme 19:1-8.



Huenda mkashangaa kwa nini mwezi huu tunazungumza juu ya tenisi. Wengi wetu hatujawahi kushika raketi, na uwanja wa tenisi uko mbali na shamba la mahindi. Tumeuchagua mchezo huu kwa sababu unaonyesha waziwazi jambo linalowasumbua vijana wetu. Kijana mliyemchangia karo kwa harambee anapoingia katika chumba cha mtihani wa taifa, haingii peke yake. Anaingia na kijiji kizima mgongoni. Mchezaji kijana wa tenisi naye huingia uwanjani hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye anahangaika mbele ya macho ya watu wote, na wetu huhangaika kimya kimya.

Mchezo wa upweke

Katika mpira wa miguu, ukikosea, kuna wenzako kumi wa kukusaidia. Katika tenisi ya mtu mmoja kwa mmoja, uko peke yako upande wako wa wavu. Kwa miaka mingi, katika mashindano makubwa, kocha hakuruhusiwa hata kumshauri mchezaji wake mechi ikiendelea. Tena hakuna kipenga cha dakika tisini cha kukuokoa. Hata kama unaongoza sana, ile pointi ya mwisho lazima uishinde wewe mwenyewe.

Anayeanzisha mpira hupewa nafasi mbili za kuupiga uangukie ndani ya mistari ya upande wa pili. Akikosa zote mbili, mwenzake anapata pointi ya bure. Hapo ndipo presha hujionyesha, kwa sababu hakuna mtu aliyemsumbua. Amejisumbua mwenyewe.

Yaliyompata Jana Novotna

Mnamo Julai 1993, kule Wimbledon, Uingereza, Jana Novotna wa Jamhuri ya Czech alicheza fainali na Steffi Graf wa Ujerumani. Novotna alikuwa na umri wa miaka 24. Kila mmoja alikuwa ameshinda seti moja, na seti ya tatu ndiyo ilikuwa ya kuamua. Seti hupatikana kwa gemu 6, na Novotna alikuwa akiongoza gemu 4 kwa 1. Alibakiza pointi moja tu afike 5 kwa 1.

Akaanzisha mpira, akakosa. Akaanzisha tena, akakosa tena. Tangu hapo mkono haukumtii. Mipira aliyokuwa akiipiga vizuri ikaanza kwenda nje na kwenye wavu. Graf akachukua gemu 5 mfululizo, na kombe likawa lake.

Wakati wa kutoa zawadi, Novotna alijikaza akashindwa. Akalia begani kwa Duchess wa Kent, aliyekuwa akitoa zawadi, ambaye alimkumbatia mbele ya umati wote. Picha ile ilienea dunia nzima.

Basi tujiulize, ni nini kilitokea? Hakusahau kucheza kwa dakika kumi. Mtu akiingiwa na hofu moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, na misuli hukaza. Mkono uliokaza hauwezi kupiga mpira kwa ulaini. Akili nayo huuacha mpira na kukimbilia mbele: nikishinda itakuwaje, nikishindwa watu watasema nini? Na angalieni jambo moja, ndugu zetu: hakuanguka alipokuwa nyuma. Alianguka alipokuwa karibu kufika. Ndiyo maana mtoto hodari anaweza kuvurugika zaidi ya yule ambaye hakuna anayemtarajia.

Mpira mmoja kwa wakati mmoja

Kwa kanuni za sasa, mchezaji ana sekunde 25 kati ya pointi moja na nyingine. Mtazamaji anaona kama ni muda wa bure tu, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika hapo. Mtazameni mchezaji aliyekomaa. Akipoteza pointi anaupa wavu mgongo. Anajipangusa jasho kwa taulo, ananyoosha nyuzi za raketi kwa vidole, anavuta pumzi polepole. Halafu anadundisha mpira mara kadhaa, kila mara vile vile. Si mambo ya ushirikina. Anairudisha akili yake kwenye kazi moja ndogo iliyo mbele yake. Pointi iliyopita haiko mikononi mwake tena, na kombe bado haliko. Kilichoko ni mpira huu mmoja. Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba, nao wanaishi hivyo hivyo.

Novotna alirudi. Mwaka 1997 alifika fainali ya Wimbledon tena, akashindwa tena. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 29, alilipata kombe lile, na aliyemkabidhi alikuwa yule yule Duchess wa Kent. Miaka mitano ni mingi. Je, angerudi kama siku ile angekumbana na kejeli tu?

Aliyemshika mwenzake mkono

Mwaka 2019, katika mashindano ya US Open kule New York, Coco Gauff wa Marekani alikutana na Naomi Osaka wa Japani. Gauff alikuwa na miaka 15 tu. Osaka, mwenye miaka 21, ndiye alikuwa bingwa mtetezi. Osaka alishinda 6-3, 6-0. Yule mtoto akaanza kutokwa na machozi, akitaka kukimbilia chumbani. Osaka akamwendea, akamwomba wabaki pamoja uwanjani wazungumze na watu. Kisha akawageukia wazazi wa Gauff akawasifu kwa malezi yao.

Miaka minne baadaye, mwaka 2023, Gauff aliingia fainali ya mashindano yale yale. Alipoteza seti ya kwanza 2-6, akatulia, akashinda mbili zilizofuata 6-3 na 6-2. Alipiga magoti akasali. Alieleza kwamba haombi kushinda, bali huomba nguvu za kucheza kwa uwezo wake wote. Maombi ya namna hiyo hupunguza mzigo badala ya kuuongeza.

Lakini yule aliyemfariji mwenzake, yeye mwenyewe alikuwa akiumia. Mwaka 2021, kule Paris, Osaka alisema hatahudhuria mikutano ya waandishi wa habari kwa sababu ilikuwa ikimdhuru moyoni. Alitozwa faini ya dola 15,000 na kuonywa kwamba anaweza kufukuzwa. Akajiondoa katika mashindano. Hapo ndipo alipoeleza kwamba alikuwa amepitia vipindi virefu vya huzuni nzito tangu mwaka 2018. Kumbukeni, 2018 ndio mwaka aliopata kombe lake kubwa la kwanza! Watu walikuwa wakipiga makofi, yeye akizama.

Karibu na nyumbani, twamkumbuka Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake Nairobi. Julai 2022, akiwa na miaka 18, alicheza fainali ya wasichana wawili wawili kule Wimbledon, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6. Wakashinda ya pili 6-4, na ya kuamua wakaichukua 11-9. Pengo la pointi mbili tu! Akawa Mkenya wa kwanza kupata taji la ngazi hiyo. Siku ile hakuwa peke yake upande wake wa wavu.

Eliya chini ya mti

Someni sasa yale maandiko. Eliya alikuwa ametoka kushinda pale Karmeli. Baada ya hapo anakimbia jangwani, anaketi chini ya mti, anaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Ndipo alipoambiwa kwamba safari bado ni ndefu.

Kikundi kifanye nini?

1. Tumwambie kijana kabla ya mtihani, au kabla ya kazi yoyote kubwa, kwamba matokeo yakiwa mabaya bado ni mtoto wetu. Asisikie neno hilo kwa mara ya kwanza akiwa ameshaanguka.

2. Tusihesabu michango yetu mbele yake. Karo ni zawadi, si deni la kumfunga shingoni.

3. Tumfundishe kazi ndogo ya sasa: avute pumzi, asome swali moja, alijibu, aende kwa lingine.

4. Siku ya matokeo awepo mtu mzima wa kukaa naye. Kuna vijana wametoroka nyumbani siku hiyo, na wengine wamejaribu kujitoa uhai. Kijana asiyelala, asiyekula, au anayesema heri afe, si mvivu wala hajarogwa. Asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali haraka, na tumsindikize.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini Novotna alitetemeka akiongoza, wala si akiwa nyuma?
2. Katika kijiji chetu, ni nani leo anabeba matumaini ya watu wengi? Tumewahi kumuuliza anajisikiaje?
3. Ni maneno gani tunayosema kwa nia njema, lakini yanaongeza mzigo?
4. Sisi wazazi, tukishindwa kulipa mkopo wa kikundi, tungependa kutendewa namna gani?

Kazi ya mwezi: Kila mwanakikundi amtembelee kijana mmoja. Asiulize habari ya alama. Amuulize amelalaje, amekula nini, kisha amsikilize.