Hidaya za Sayyid Said kwa Rais Van Buren

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia hapa Ifakara, mbali na maktaba kubwa. Nitapata wapi katika intaneti habari za Rais Martin Van Buren na Zanzibar?

Jibu: Ndugu Mwalimu, anza na Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoweka hati za Van Buren wazi bila malipo, nawe utafute hasa mwaka 1840, ambao merikebu Sultana ya Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Zanzibar, akiwamo Ahmad bin Naaman, wakili wake, ilitia nanga New York na hidaya tele, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu, naye Rais, kwa kuwa katiba ilimkataza kupokea tunu ya mfalme wa kigeni pasipo idhini ya Bunge, akaliachia Bunge shauri lile. Naliona jambo hili adhimu, lastahili kufundishwa.

Mkataba wa urafiki na biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulikuwa umetiwa saini Maskati, 21 Septemba 1833, zama za Andrew Jackson. Kitabu cha mjumbe wake, Edmund Roberts, kilichochapwa 1837, kimo katika Internet Archive, na mtandao wa bondeni Kilombero ukidhoofika, pakua maandishi matupu, si picha za kurasa.