Hatari Isiyoonekana kwa Macho: Somo Kutoka Filamu ya Godzilla na Vitabu vya Wataalamu

Huenda ukashangaa kuona jarida letu likizungumzia filamu ya mnyama anayetoka baharini na kuteketeza mji. Wazee wengi wakiwakuta vijana kwenye kibanda cha video wakitazama filamu za namna hiyo husema ni upuuzi. Hata hivyo, filamu ya kwanza ya Godzilla ilitengenezwa na watu waliokuwa na swali zito: nani ana haki ya kuamua kwamba jambo fulani ni salama kwa watu wengine? Miaka iliyofuata wasomi waliandika vitabu kuhusu swali hilohilo. Nasi katika kamati za sharika, pamoja na wafadhili wanaotuunga mkono, hukutana nalo kila tunapopitisha mradi.

1. Majivu yaliyoanguka mwaka 1954

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, kwenye visiwa vya Marshall katika bahari ya Pasifiki. Wataalamu walikadiria nguvu yake kuwa megatani 6 hivi. Lililipuka kwa nguvu ya megatani 15, yaani takriban mara 1,000 ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Sababu ni kwamba aina moja ya madini ya lithiamu iliyokuwamo ndani ya bomu, ambayo walidhani haitachangia chochote, ilichangia sana.

Meli ya Kijapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Ilikuwa na wavuvi 23. Walimwagikiwa na majivu meupe kwa saa kadhaa, wakayapangusa kwa mikono bila kujua ni nini. Waliporejea bandari ya Yaizu tarehe 14 Machi walikuwa wanaumwa. Mwendesha redio wa meli hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huo.

Wakazi wa kisiwa cha Rongelap nao waliangukiwa na majivu hayo, na watoto waliyachezea. Walihamishwa baada ya siku 2 hivi. Mwaka 1957 walirudishwa wakiambiwa kisiwa ni salama. Waliishi hapo huku wakiona magonjwa wasiyoyazoea, hadi mwaka 1985 walipoamua wenyewe kuondoka.

Tuzingatie mpangilio wa mambo hayo. Waliochora ramani ya eneo la hatari walikuwa na vipimo. Wavuvi na wakazi wa visiwani hawakuwa na kipimo chochote, bali ndio walioifahamu hatari hiyo kwanza, kwa miili yao.

2. Filamu ilisema nini

Filamu ya Godzilla ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 3 Novemba 1954, ikiwa imeongozwa na Ishiro Honda. Inaanza na mabaharia walio kwenye sitaha ya meli. Ghafla bahari inawaka mwanga mkali na meli inateketea. Mjapani aliyeketi ukumbini mwezi ule hakuhitaji kuelezwa ni meli gani iliyokusudiwa.

Mambo matatu katika filamu hiyo yanafaa kujadiliwa na kamati. La kwanza ni mzee wa kisiwa anayesema yaliyotokea ni kazi ya mnyama aliyesimuliwa na wahenga. Vijana wanamcheka, kisha mnyama anatokea. La pili ni kikao cha bunge. Mjumbe mmoja anataka habari zifichwe ili watu wasipate hofu na uhusiano na nchi nyingine usiharibike. Wajumbe wanawake wanapinga kwa sauti kubwa na kudai ukweli utangazwe. La tatu ni mwanasayansi Serizawa, aliyegundua kitu kinachoweza kumuua mnyama. Anaogopa kwamba ugunduzi wake ukijulikana utageuzwa silaha. Mwishoni anakubali utumike mara moja tu. Anachoma maandishi yake yote na kufa nao baharini.

Mnyama huyo hayupo, lakini hofu aliyoibeba ilikuwa ya kweli. Mionzi haionekani, haina harufu wala sauti. Filamu iliipa umbo ili watu waweze kuizungumzia.

Tuseme pia upande wa pili. Hofu bila kipimo nayo huumiza. Mwaka ule wauza samaki wa Japani walipata hasara kubwa kwa sababu watu waliogopa samaki kwa ujumla, si wale tu waliokutwa na mionzi. Waliosaidia kutenganisha ukweli na uvumi ni wanasayansi waliopima samaki na kuchunguza majivu. Wananchi nao hawakubaki na hofu mikono mitupu. Katika wilaya ya Suginami jijini Tokyo, akina mama walikuwa mstari wa mbele kukusanya saini za kupinga mabomu hayo, na kufikia Agosti 1955 saini zilizokusanywa nchini kote zilizidi milioni 30.

3. Vitabu vya wataalamu vinaongeza nini

Mwaka 1986, mwaka uleule kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, msomi wa Ujerumani Ulrich Beck alitoa kitabu kuhusu jamii inayoishi na hatari. Hoja yake kwa lugha nyepesi ni hii: zamani watu waligombania mgawanyo wa mali, sasa wanagombania pia mgawanyo wa hatari zinazozalishwa na viwanda vilevile vinavyoleta mali. Kwa kuwa hatari hizo hazionekani, mwananchi humtegemea mtaalamu amwambie kama yuko salama. Ndiyo maana uamuzi wa kuita jambo salama au la hatari si wa kitaalamu pekee. Unagusa haki.

Kabla yake, mwaka 1984, Mmarekani Charles Perrow alichapisha kitabu kuhusu ajali katika mitambo mikubwa. Alianza na ajali ya kinu cha Three Mile Island huko Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Valvu moja ilifunguka ikakwama, maji ya kupoza kinu yakawa yanavuja. Kwenye chumba cha kuongozea mitambo, taa ilionyesha kwamba mambo ni sawa. Kumbe taa ile haikuonyesha kwamba valvu imefungwa. Ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetumwa. Waendeshaji waliamini taa kwa zaidi ya saa 2. Perrow alifundisha kwamba katika mitambo yenye sehemu nyingi zinazotegemeana, makosa madogo huungana kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia.

Wanakamati, tuiangalie taa ile kwa makini. Ni mara ngapi taarifa yetu ya robo mwaka imeandika "imetekelezwa" kwa maana kwamba barua imetumwa?

Mfano wa tatu unatoka Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, ambako mvua ilishusha mionzi ya Chernobyl kwenye malisho ya milimani. Mwezi Juni 1986 serikali ilizuia uuzaji wa kondoo, ikisema zuio litadumu wiki 3. Wataalamu walitarajia kwamba madini ya seziamu yatashikwa na udongo. Matarajio hayo yalitokana na udongo wa mfinyanzi. Milimani udongo ni wa mboji wenye tindikali, na nyasi ziliendelea kuyafyonza. Zuio liliongezwa, na katika baadhi ya mashamba liliondolewa mwaka 2012 tu.

Msomi Brian Wynne alikwenda kuzungumza na wafugaji hao. Walimweleza jinsi wataalamu walivyofungia kondoo kwenye vizizi vya majaribio, ilhali wao walijua kwamba kondoo wa milimani akifungiwa hudhoofu. Hawakusikilizwa, na jaribio likaachwa baadaye kwa sababu hiyohiyo. Aidha, eneo lao liko karibu na kiwanda cha nyuklia kilichopata ajali ya moto mwaka 1957, na wengi walishuku kwamba mionzi mingine ilikuwapo tangu wakati huo. Wynne alionyesha kwamba wafugaji hawakukataa sayansi kwa ujinga. Walikuwa wanapima kama anayewaambia habari anastahili kuaminiwa.

4. Japani tena, mwaka 2011

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi chini ya bahari lilileta tsunami katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Kwenye kinu cha Fukushima Daiichi wimbi lilifika urefu wa mita 14 hivi, wakati kinga yake ilikuwa imekadiriwa kwa wimbi lisilofika mita 6. Tume huru ya bunge la Japani ilisema mwaka 2012 kwamba maafa ya kinu yalisababishwa na binadamu, na kwamba yangeweza kutazamiwa na kuzuiwa.

Katika pwani hiyohiyo, kijiji cha Aneyoshi kina jiwe lililosimikwa baada ya tsunami ya mwaka 1933, likiwaonya watu wasijenge nyumba chini yake. Wanakijiji walilitii. Mwaka 2011 maji yaliishia chini ya jiwe, na nyumba zilizokuwa juu yake zikasalimika. Mzee wa kwenye filamu alichekwa. Wa Aneyoshi walisikilizwa.

Mwaka 2016 ilitoka filamu nyingine ya Godzilla, na safari hii sehemu kubwa ni maofisa wakihama kutoka kikao kimoja hadi kingine huku mnyama akizidi kusonga mbele. Watazamaji wengi wa Japani waliikumbuka Fukushima.

5. Yanayotuhusu sisi

Naomba niseme jambo la kwangu. Katika mradi mmoja wa kisima niliousimamia miaka ya nyuma, akina mama wa mtaa walituambia kwamba mahali palipochaguliwa hugeuka dimbwi wakati wa masika. Sisi tulikuwa na kipimo kilichoonyesha kwamba maji yapo, na kweli yalikuwapo. Masika yalipofika, maji machafu yaliingia kisimani na watoto wakaugua kuhara. Nilipofungua muhtasari wa kikao nilikuta maneno ya akina mama yameandikwa vizuri, kwa mwandiko wangu. Tuliyaandika bila kuyasikia. Tulilazimika kuchimba kisima kingine sehemu ya juu, na fedha hizo zilitolewa kwenye kazi nyingine iliyokuwa ikisubiriwa.

Hapo ndipo filamu na vitabu hivi vinapokutana na kazi yetu. Kipimo cha mtaalamu ni cha lazima, kwa kuwa bila hicho tungebaki na uvumi. Lakini kipimo hujibu swali lililoulizwa tu. Sisi tuliuliza kama maji yapo. Akina mama walikuwa wanajibu swali ambalo hatukuuliza. Anayebeba hatari ana sehemu ya kipimo ambayo mtaalamu hana, na mradi usio na sehemu hiyo haujapimwa vya kutosha.

Kwa wafadhili wetu, ombi ni moja: taarifa inapowaletea mashaka ya wanakijiji, msiione kuwa dalili ya mradi dhaifu. Taarifa isiyo na mashaka yoyote ndiyo ya kuulizia zaidi.

Maswali ya majadiliano kwa kamati

1. Katika mradi tulio nao sasa, ni nani atakayeumia kwanza endapo tumekosea? Je, yumo kwenye kikao?
2. Ni jambo gani katika taarifa yetu ya mwisho lilionyesha kwamba amri imetumwa, wala si kwamba kazi imekamilika? Nani atakwenda kuangalia?
3. Tafuteni katika mihtasari ya mwaka uliopita onyo moja lililoandikwa na kuachwa. Lilitolewa na nani, na aliwahi kupewa jibu?
4. Kama kuna habari mbaya kuhusu mradi, tumepanga kuwaambia watu lini na kwa njia gani?

Tunashauri swali la tatu lifanyiwe kazi kabla ya kikao kijacho, mihtasari ikiwa mezani.