Keya, Kariakoo na Panyako: Msamiati wa Vita kama Kumbukumbu ya Askari wa Kawaida wa Mwambao wa Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi

Maelfu ya wanaume wa Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya walipigana au kubeba mizigo katika vita vikuu viwili vya karne ya 20. Wachache mno miongoni mwao waliacha tawasifu. Taarifa nyingi za vita hivyo ziliandikwa na maafisa wa Kiingereza, na ndani yake askari wa kawaida huonekana kama idadi tu. Hata hivyo, askari hao waliacha msamiati. Makala haya yanachunguza maneno matatu, yaani keya, kariakoo na panyako, pamoja na Kiswahili cha kambini kilichojulikana kama Kikeya. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili hicho, ambacho aghalabu hudharauliwa kuwa kibovu, ni hati ya kihistoria inayostahili kuchunguzwa kwa makini.

2.0 Keya: Vita Vyafika Ziwani

Kikosi cha King's African Rifles, kwa kifupi KAR, kiliundwa mwaka 1902, muda mfupi baada ya reli kutoka Mombasa kufika Kisumu. Wenyeji waliposikia herufi hizo tatu zikitamkwa kwa Kiingereza, waliziunganisha zikawa neno moja: keya. Katika Kijaluo neno hilo lilikuja kumaanisha askari wa kikosi hicho na hata utumishi wenyewe.

Vita vya Kwanza vya Dunia havikuwa habari za mbali kwa watu wa ziwani. Mnamo Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuingia Kisii. Askari wa KAR walisafirishwa kwa meli kutoka Kisumu hadi Kendu Bay, wakatembea hadi Kisii, na mapigano yakazuka tarehe 12 mwezi huo. Mwezi Juni 1915, msafara mwingine wa kijeshi ulitoka Kisumu kwa meli kwenda kuushambulia mji wa Bukoba. Bandari ya wavuvi na wafanyabiashara ilikuwa imegeuka kituo cha vita.

3.0 Kariakoo: Neno la Wabeba Mizigo

Kwa kila askari aliyeshika bunduki, walihitajika watu kadhaa wa kumbebea chakula na risasi, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo na barabara zilikuwa chache. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, jina ambalo Waswahili walilitamka kariakoo. Nyanza ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa wapagazi wengi zaidi. Mwaka 1917, John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo hilo mjini Kisumu, alikabidhiwa usimamizi wa uandikishaji wa wapagazi nchini. Machifu walitakiwa kutoa watu, na wengi walichukuliwa bila hiari.

Wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na posho mbaya. Mtu aliyezoea ugali wa mtama au wimbi na samaki alipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva. Idadi ya wapagazi wa Kenya waliofariki hukadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Mnamo Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Kwa karne nzima, kumbukumbu yao kubwa imekuwa majina ya mitaa: Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Anayekwenda sokoni humo hulitamka jina la kikosi chao bila kujua.

4.0 Panyako na Burma

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Kenya ilitoa askari wapatao 98,000. Baadhi yao waliingizwa katika kikosi cha kazi za mikono kilichoitwa Pioneer Corps, wakachimba mahandaki, wakatengeneza barabara na kupakua shehena. Jina la kikosi hicho likawa panyako, nalo likaingia katika Kijaluo na Kiluhya. Wapo watu wa magharibi ya Kenya wanaoitwa Panyako hadi leo.

Wengine walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na hatimaye Burma. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mwaka huohuo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa masika, katikati ya matope na malaria, na mwezi Desemba ikavuka mto Chindwin huko Kalewa. Jina Burma nalo likarudi nyumbani: Nairobi lipo soko linaloitwa hivyo.

5.0 Kikeya: Lugha ya Kambini

Kambini, kijana wa Kijaluo alilala pamoja na Mkamba, Mnandi, Mluhya na Mganda. Lugha ya kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili. Hata hivyo, Kijaluo hakina ngeli za aina ya Kibantu, na maafisa wa Kiingereza wenyewe walijifunza Kiswahili kilichorahisishwa. Kitabu cha F. H. Le Breton, Up-Country Swahili, kilichotolewa mwaka 1936, kiliwalenga askari na walowezi bila kujali sana upatanisho wa kisarufi. Kikeya kikawa na sifa zifuatazo:

(a) Upatanisho wa ngeli ulipunguzwa: "watu ile" badala ya "watu wale".
(b) Kiambishi cha nafsi kiliachwa: "yeye nakuja" badala ya "yeye anakuja".
(c) Ukanushi ulifanywa kwa neno moja: "mimi hapana ona" badala ya "mimi sioni".

Sifa hizi si dalili ya upungufu wa akili wala uvivu. Ni mkakati wa mawasiliano baina ya watu ambao, pengine, uhai wao ulitegemea amri kueleweka mara moja.

Msamiati wa vyeo nao una historia yake. Maneno ombasha (koplo) na shaushi (sajini) yana asili ya Kituruki, nayo yaliletwa na askari wa Kisudani waliowahi kutumikia jeshi la Misri. Ombasha maana yake ni mkuu wa watu kumi. Efendi, ambalo leo tunalisikia kama afande, lilitumiwa kumwita afisa. Katika Vita vya Pili, Mwafrika wa KAR aliweza kuongoza kikosi kidogo vitani, lakini hakupewa cheo cha afisa kamili. Katika miaka ya 1950 ndipo serikali ya kikoloni ilipoanzisha cheo kilichoitwa efendi kwa ajili ya Waafrika, nacho kikiwa chini ya cheo cha afisa Mzungu. Hivyo neno la heshima lilitumika pia kuweka mpaka.

6.0 Baada ya Bunduki Kunyamaza

Baada ya mwaka 1918, walowezi Wazungu waliotumikia jeshi waligawiwa mashamba nchini Kenya. Waafrika waliorudi walikuta kodi imepanda na kipande kikitekelezwa. Malalamiko hayo yalichangia kuzuka kwa vuguvugu la Piny Owacho huko Nyanza mwaka 1921, likidai kodi ipunguzwe na kipande kiondolewe. Jina hilo lina maana ya "nchi imesema". Waliokuwa wamehesabiwa kama mizigo walikuwa wameanza kusema.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba keya, kariakoo na panyako ni majina ya vikosi yaliyotoholewa na watu wenyewe, na katika utohozi huo wakahifadhi yale ambayo makaburi hayakuyahifadhi. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927. Mashahidi wenyewe karibu wote wametutoka. Waliobaki ni watoto na wajukuu wao, katika Seme, Nyakach, Bondo na visiwa vya Rusinga na Mfangano, ambao bado wanakumbuka amri, nyimbo na maneno ya utani waliyoyasikia nyumbani. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuyakusanya na kuyarekodi kama yalivyotamkwa, bila kuyasahihisha. Anayesahihisha "watu ile" kuwa "watu wale" katika simulizi ya askari atakuwa amenyoosha sarufi na kufuta sauti ya msemaji.