Joho na Vitabu: Jinsi ya Kupanga Usomaji Wako

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani

Andiko kuu: 2 Timotheo 4:6–13, 21
Soma pia: Danieli 1:3–17, 2 Samweli 12:1–7, Matendo 17:22–28
Mstari wa kukariri: Mithali 18:15

Mahubiri ya Jumapili yalitupeleka gerezani. Kule Rumi kuna mzee amefungwa, na anajua siku zake zimekaribia kwisha. Majira ya baridi yanakuja. Anamwandikia Timotheo, na mahitaji yake ni machache: aje upesi, aje na Marko, na akipitia Troa achukue joho lililoachwa kwa Karpo. Halafu anaongeza jambo moja. Anataka vitabu vyake, hasa vile vya ngozi.

Hebu fikiria. Huyu ni Paulo. Amekutana na Bwana njiani kwenda Dameski, amepanda makanisa, ameandika barua ambazo leo tunaziita Maandiko. Hana mtihani wa kufanya, hana kazi ya kutafuta. Lakini anaomba joho kwa ajili ya mwili wake na vitabu kwa ajili ya akili na roho yake. Ikiwa Paulo hakustaafu kusoma akiwa karibu na kaburi, sisi tulistaafu lini? Wengine wetu tulifunga kitabu siku ile tulipomaliza shule.

Jambo lililonifunza

Wacha niwaambie jinsi nilivyojifunza somo hili, na si kwa urahisi. Miaka michache iliyopita nilikuwa kiongozi wa ushirika, na nilijiona msomaji kweli kweli. Kando ya kitanda nilikuwa na vitabu kumi na kimoja. Ukivifungua vyote vilisema jambo moja: ushindi, upenyo, mafanikio. Sisemi vilikuwa vibaya. Vilinijenga. Lakini kilikuwa chakula cha aina moja.

Kisha ndugu mmoja wa ushirika wetu akapoteza kazi. Akaacha kulala usiku, akaacha kula. Akaanza kusema kwamba familia yake ingekuwa afadhali bila yeye. Nikamjibu kwa yale niliyokuwa nayo: kiri ushindi, ndugu, upenyo uko karibu. Nilirudia hivyo kwa wiki tatu, na kila nikitoka kwake nilimwacha amenyamaza zaidi.

Ni dada mmoja muuguzi, mshirika wetu, aliyemsikiliza mara moja tu na kutambua kwamba huo ni ugonjwa, na kwamba maneno ya kutaka kufa si ya kupuuza. Alimsindikiza hospitalini siku hiyo hiyo. Na alipomsomea Neno, alimchagulia Zaburi ya 88, ile inayoanza kwa kilio na kuishia gizani. Ndugu yetu akalia, kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze. Akasema, “Kumbe hata hii imo kwenye Biblia.”

Leo yuko hai, anafanya kazi, na ameniruhusu niandike haya. Lakini usiku ule nilikaa nikaviangalia vile vitabu kumi na kimoja. Niliona kwamba usomaji wangu wa aina moja nusura ugharimu maisha ya mtu mwingine. Mpendwa, unachosoma si chako peke yako. Siku moja mtu atakuja kwako na njaa, na utampa kile ulichokiweka ghalani.

Je, Biblia haitoshi?

Swali hili huulizwa, na ni zuri. Kwa wokovu, Biblia inatosha kabisa. Lakini ni Biblia hiyo hiyo inayotuonyesha watu wa Mungu wakisoma mengine pia. Danieli na wenzake walifundishwa lugha na maandiko ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, na andiko linasema maarifa hayo walipewa na Mungu. Walisoma vya Babeli, lakini hawakuinamia sanamu ya Babeli. Paulo alipohubiri Areopago kule Athene, alitumia maneno ya washairi wa Kiyunani ili wasikilizaji wake waelewe. Angeyatumia vipi kama hangeyajua?

Ugali ni chakula kizuri. Lakini mtoto akilishwa ugali mtupu kila siku, tumbo litajaa na bado atapata utapiamlo. Sahani inataka pia mboga, maharagwe na tunda. Usomaji nao ni vivyo hivyo. Hizi hapa aina nne za kuweka kwenye sahani yako.

1. Neno la Mungu, kila siku. Hili ndilo linaloshika vingine vyote. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma 52 utakuwa umelimaliza lote. Jumamosi soma Zaburi, na usiruke zile za machozi.

2. Maisha ya watu wa imani. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Afrika Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu chake cha maungamo anaeleza jinsi alivyopotea, na jinsi mama yake, Monika, alivyomwombea kwa miaka mingi akilia. Mama unayemwombea kijana aliyeacha kanisa, soma habari hiyo. John Bunyan alikuwa fundi wa kuziba sufuria, tena hakusoma shule sana. Alifungwa gerezani Uingereza takriban miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Safari ya Msafiri, kitabu kilichotoka mwaka 1678, ni chake, na kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Watu hawa hutukumbusha kwamba wengine wamepita hapa kabla yetu.

3. Maarifa ya maisha. Afya, malezi, fedha, kilimo, sheria. Katiba ya Kenya ya 2010 ina vifungu 264. Ni washirika wangapi wamewahi kusoma hata Kifungu cha 32, kinacholinda uhuru wetu wa kuabudu? Chagua eneo lako. Mwenye duka asome kuhusu hesabu za biashara. Anayemtunza mzazi mwenye kisukari asome kuhusu kisukari. Kama ningekuwa nimesoma kitabu kimoja tu kuhusu maradhi ya akili, singemwacha ndugu yetu wiki tatu.

4. Hadithi na mashairi. Hapa wengine hushangaa. “Riwaya ni za wanafunzi.” Lakini nabii Nathani alipotaka kumfikia Daudi, hakuanza na mashtaka. Alimpa hadithi ya maskini na mwanakondoo wake, na moyo wa mfalme ukafunguka. Bwana Yesu naye alifundisha kwa mifano. Hadithi hukuingiza ndani ya maisha ya mtu mwingine. Soma Siku Njema ya Ken Walibora, umfuate kijana Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Ukimaliza, utamwangalia kwa jicho lingine yule kijana wa kanisa aliyelelewa bila baba.

Mpango wa mwaka

Wengi tunasema hatuna nafasi. Lakini tunasoma kila siku: jumbe za WhatsApp, vichwa vya habari, ugomvi wa watu tusiowajua. Macho yanafanya kazi, ila hatukuchagua.

Tufanye hesabu. Kurasa 10 kwa siku, siku tano kwa juma, ni kurasa 50. Kitabu cha kurasa 200 kinaisha kwa majuma manne. Kwa hiyo, pamoja na Biblia yako ya kila siku, panga hivi: Januari kitabu cha imani, Februari cha maarifa, Machi hadithi. Aprili unaanza tena mzunguko. Mwisho wa mwaka utakuwa na vitabu 12, vinne kwa kila aina. Ukishindwa, gawanya kwa mbili. Vitabu sita ni vingi kuliko sifuri, si ndio?

Chagua saa. Ndani ya matatu, kabla ya watoto kuamka, au simu ikiwa kwenye chaji chumba kingine. Weka daftari, na ukimaliza kitabu andika mistari mitatu: nimejifunza nini, nakataa nini, nitafanya nini.

Pesa isikuzuie. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yako mtaani kabisa. Kaunti nyingi zina maktaba za umma. Kule Garissa, wafugaji wamepelekewa vitabu kwa ngamia tangu miaka ya 1990. Kama vitabu viliweza kupanda ngamia, sisi twaweza kupanda matatu kuvifuata. Tena kuna vitabu vya mtumba kando ya barabara, na kuna kubadilishana ndani ya ushirika.

Na shosho ambaye macho yamechoka, au ndugu ambaye hakupata shule, asiachwe nje. Ufunuo 1:3 inatamka baraka kwa anayesoma na kwa wanaosikia. Mjukuu asome kwa sauti, mzee asikilize, wote wawili wabarikiwe.

Tahadhari

Si kila kitabu ni cha kuletwa nyumbani. Waamini wa Efeso walichoma vitabu vyao vya uganga, ingawa vilikuwa vya bei kubwa (Matendo 19:19). Pima kila kitu, ushike kilicho chema (1 Wathesalonike 5:21). Watu wa Beroya walipima hata mahubiri ya Paulo kwa Maandiko, nasi tupime vitabu vya wahubiri tunaowapenda. Na kitabu kikianza kuiba muda wako wa Neno, kirudishe rafuni kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Vitabu vitatu vya mwisho ulivyosoma ni vya aina gani kati ya zile nne? Ni aina gani haimo kabisa?
2. Ni nani nyumbani au kazini kwako anahitaji jambo ambalo ungeweza kulijua kwa kusoma?
3. Kwa nini Nathani alichagua hadithi badala ya kumshtaki Daudi moja kwa moja?

Kazi ya wiki: Kila mmoja alete kitabu kimoja kwenye ushirika wa wiki ijayo, akiazime kwa mwenzake. Katibu aandike jina la aliyekichukua, maana vitabu vinajua kupotea!

Ombi: Baba, tusamehe kwa uvivu wa akili uliotupa. Tupe njaa ya Neno lako, na hekima ya kuchagua tunachosoma. Weka ndani yetu kitu cha kumpa yule atakayekuja akiwa amevunjika moyo. Katika jina la Yesu, amina.